Kuandika riwaya ya safari ya wakati inayofundisha watoto historia: mfano wa Kilwa ya 1331

Mtoto wa miaka kumi na moja hafungui riwaya ili ajifunze historia. Anaifungua ili ajue kama Zaituni atarudi kwao. Kazi ya mwandishi ni kupanga mambo hivi: Zaituni asiweze kurudi mpaka aelewe jambo la kweli kuhusu mahali alipoangukia. Jambo hilo likiwa la kweli na likawa ndio ufunguo, msomaji atalibeba maisha yake yote. Likiwa pambo tu, kinachobaki ni kitabu cha kiada kilichovalishwa kanzu, na watoto wanakinusa kwa mbali.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo: watoto wawili wa leo kutoka Kilwa Masoko, Zaituni na mdogo wake Seif, wanajikuta Kilwa Kisiwani mwaka 1331. Hatua ni zilezile hata ukichagua Gedi, Bagamoyo au Timbuktu.

Chagua mwaka, usichague "zamani"

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya sentensi ya kwanza, pale mwandishi anapoandika kwenye daftari lake "Kilwa ya kale" na kuridhika. Kilwa ya kale ni ya lini? Gereza linalomkaribisha mgeni leo anaposhuka chomboni ni jengo la wakati wa Waomani, mnamo 1800, juu ya misingi ya ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1505. Jumba la Makutani ni la karne ya 18. Msikiti Mkuu una sehemu ya kaskazini ya karne ya 11 na 12, kisha nyongeza kubwa ya kusini ya karne ya 14, na matao mengi tunayopiga picha leo yalijengwa upya karne ya 15. Ukimpitisha Zaituni mbele ya Gereza mwaka 1331, umempitisha mbele ya jengo ambalo halikuwapo, na mwalimu wa historia atakifunga kitabu chako hapohapo.

1331 ni mwaka mzuri kwa sababu tuna shahidi. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyezaliwa 1304, alipita Mogadishu na Mombasa akafika Kilwa. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Na jumba la Husuni Kubwa, linalonasibishwa na sultani huyo, lilisimamishwa katika miaka hiyo juu ya mwamba unaotazama bahari: vyumba zaidi ya 100, bwawa la pande nane, na halikukamilika kamwe. Jumba lisilokamilika ni neema kwa mwandishi. Lina mafundi, lina tanuri za kuchomea matumbawe yawe chokaa, lina milango isiyo na mbao bado, na lina mahali pa kujificha.

Ukishapata mwaka, tafuta mwezi, na uutafute kwa Hijria. Mwaka 731 ulianza Oktoba 1330, na Rajabu yake iliangukia takriban Aprili 1331. Hii si mbwembwe. Miezi ya Hijria inafuata mwezi wa angani, kwa hiyo tarehe peke yake inakupa mwanga wa usiku na hali ya bahari. Mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi wa Hijria, hilali nyembamba inaonekana magharibi jua likizama, kisha giza. Mwezi 14, mbalamwezi usiku kucha. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu maji ni bamvua: yanapwa sana na kujaa sana. Mwezi 7 au 8 maji ni mafu: hayapwi sana wala hayajai sana. Kwa hiyo ukitaka watoto watoroke kwa kuvuka mwamba uliopwa, tukio lisiwe mwezi 8. Mtoto wa mvuvi anayesoma Kilwa, Pemba au Lamu atalijua kosa hilo kabla yako.

Upepo uwe ndio saa ya hadithi

Riwaya ya matukio inahitaji muda unaoyoyoma. Waandishi wengi hubuni laana au mlango unaofungwa usiku wa manane. Ukiandika juu ya pwani yetu huna haja ya kubuni chochote, saa ipo tayari.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza karibu na Aprili na kuvirudisha. Katikati kuna maleleji, siku ambazo upepo haujijui: tanga linalegea, mabaharia wanakaa kivulini na kusikiliza. Kilwa ilikaa mahali ambapo chombo cha kutoka Arabuni kingeweza kufika na kugeuka katika msimu mmoja. Kikiendelea kusini zaidi, kilijihatarisha kukwama mwaka mzima. Ndiyo maana dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, kusini zaidi, ikaletwa Kilwa, na huko ndiko ilikokutana na wanunuzi wa ng'ambo. Utajiri wa mji mzima ulisimama juu ya jambo ambalo mtoto anaweza kulisikia shavuni mwake.

Sasa lifanye hilo kuwa tatizo la Zaituni. Kitu kinachofungua njia ya kurudi kimeingia katika kasha la mfanyabiashara wa Dhofar, kusini mwa Uarabuni. Chombo chake kitaondoka kusi ikianza. Watoto wamefika wakati kaskazi bado ina nguvu, wanadhani wana siku nyingi. Halafu asubuhi moja Seif anaona moshi wa majiko umesimama wima. Hakuna haja ya mtu yeyote kueleza biashara ya Bahari ya Hindi. Msomaji ameshaielewa, na moyo unamdunda.

Linganisha njia mbili za kusema jambo hilohilo. Ya kwanza:

"Mjukuu wangu," alisema mzee, "Kilwa ni dola tajiri kwa sababu inadhibiti biashara ya dhahabu ya Sofala, na wafanyabiashara hutegemea pepo za msimu."

Ya pili:

Nahodha alilamba kidole, akakiinua. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.
"Siku nne," alisema. "Labda tano."
"Halafu?"
"Halafu asiyekuwa chomboni atakula mtama wa Kilwa mpaka mwakani."

Katika ya kwanza, mzee anamwambia mwenyeji wa mji jambo ambalo kila mtu mjini analijua. Watu hawaelezani yale wanayoyaishi. Ukijikuta umeandika hotuba ya aina hiyo, uliza: ni nani katika tukio hili asiyejua, na kutojua kwake kutamgharimu nini? Jibu likikosekana, futa.

Daftari la safu tatu

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, chora daftari lenye safu tatu: *tunajua*, *yawezekana*, *nimebuni*. Kila jambo litakaloingia kitabuni lipate safu yake. Kwa riwaya ya maneno 25,000, usianze kuandika kabla hujawa na mambo 60 hivi katika safu ya kwanza. Utatumia theluthi moja tu. Yanayobaki yatakuzuia kukosea.

Kwa Kilwa, safu ya kwanza inajazwa na vyanzo vya aina tatu, na kila kimoja kina udhaifu wake. Ibn Battuta aliona kwa macho, lakini masimulizi yake yaliandikwa na Ibn Juzayy kwa kusomewa, yakakamilika 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya safari. Tarehe ya masultani wa Kilwa, yaani kitabu cha historia yao, iliandikwa karne ya 16. Tunayo nakala ya Kiarabu, na muhtasari wa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha 1552. Waandishi wa tarehe hiyo wana sababu zao za kuutukuza ukoo wa masultani. Kisha kuna udongo wenyewe: machimbo ya Neville Chittick, yaliyochapishwa 1974, na ya wataalamu waliomfuata. Humo mna shanga, vigae vya Kichina, vyombo vya Kiajemi, sarafu za shaba.

Vyanzo vikigongana, usifiche. Ibn Battuta anasema nyumba za Kilwa ni za mbao, huku wachimbaji wakikuta msikiti na jumba la mawe. Mwandishi mvivu huchagua kimoja. Mwandishi makini humwacha Zaituni atembee: majumba machache ya matumbawe na chokaa, na kuyazunguka nyumba nyingi za miti, udongo na makuti ambazo mvua za karne saba zimezifuta. Humo mtoto anajifunza jambo kubwa kuliko Kilwa yenyewe, kwamba historia inahifadhi jiwe na kupoteza makuti, na kwamba walioishi chini ya makuti ndio waliokuwa wengi.

Hadithi ya kwamba Ali bin al-Hasan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia isiingie safu ya kwanza. Mpe mhusika aisimulie kwa kujigamba, na mwingine acheke.

Jambo moja halina mjadala. Ibn Battuta anawaeleza watu wa Kilwa kuwa ni weusi sana, wenye chale usoni. Ukiwajaza mjini Waarabu weupe na kuwaacha Waafrika wabebe mizigo nyuma ya pazia, umefundisha uongo.

Njia ya kusafiria na sheria zake

Mashine yenye taa na vitufe inakula kurasa kumi za maelezo. Tumia kitu cha mahali penyewe. Sarafu ya shaba ya Kilwa inafaa mno: upande mmoja ina jina la sultani, upande wa pili sifa za Mungu, na maneno ya pande mbili yana vina. Pande mbili zikisomwa pamoja kwa sauti, mlango unafunguka. Mtoto wa madrasa atafurahi kwamba kusoma kwake kumemfaa.

Lakini angalia. Mtoto kuokota sarafu kwenye magofu na kuitia mfukoni ni kosa, na Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Kilwa Kisiwani imo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Seif akiiokota, hadithi imtake airudishe mahali pake, na hilo liwe tendo la mwisho la safari, lisiwe onyo la mwalimu.

Sheria za safari ziwe tatu, na zijulikane kabla ya sura ya nne: nani anaweza kupita, nini kinaweza kupita naye, na yaliyopita yanabadilika au hayabadiliki. Kwa kitabu kinachofundisha, chagua kwamba hayabadiliki. Zaituni akimwokoa sultani na kuubadili mji, msomaji anafunga kitabu bila kujua kipi kilitokea kweli. Wape watoto ushindi mdogo katika mapengo ya kumbukumbu: mtumishi mmoja, chombo kimoja, siri ya chumba kimoja.

Simu iondoe mapema. Iloweke maji ya chumvi ukurasa wa pili wa safari. Simu yenye chaji humgeuza mtoto wa leo kuwa mchawi miongoni mwa "washamba", na watu wa 1331 hawakuwa washamba. Walijua kushona chombo cha baharini kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, kitu ambacho Seif hawezi hata akipewa mwezi.

Sahani na midomo

Hapa ndipo makosa yanapozaliana, kwa sababu vitu vinavyotupotosha ni vile tunavyoviona vyetu tangu enzi na enzi.

Mahindi, mihogo, nyanya, viazi vitamu, karanga, mananasi, mapapai, mapera, korosho, pilipili kali na tumbaku vyote asili yake ni bara la Amerika, na havikufika kwetu kabla ya 1500. Ugali wa sembe haupo. Kachumbari ya nyanya haipo. Karafuu za Unguja ni za karne ya 19, na kanga nazo. Kilichopo ni mtama, ulezi, wali, nazi, samaki, ndizi, kunde, njugu mawe, asali, tangawizi, pilipili manga. Mogadishu, Ibn Battuta alikula wali wa samli wenye kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mwache Seif, mwenye njaa, aombe muhogo wa kuchoma, na mwenyeji amtazame asielewe neno. Mistari mitatu hiyo inafundisha yale ambayo sura nzima ya kiada juu ya mazao ya ng'ambo huyafundisha kwa shida.

Maneno ni vivyo hivyo. Meza, leso, bendera, gereza, mvinyo na karata tuliyapata kwa Wareno, ambao Vasco da Gama aliwaleta pwani hii 1498. Shule ni neno la Kijerumani. Gari limetoka India. Kabati, shati na blanketi ni ya Kiingereza. Msimulizi wako wa leo ana ruhusa ya kuyatumia. Mtu wa 1331 akifungua kinywa, hana. Pitia mazungumzo yote ya watu wa kale kwa kamusi yenye asili za maneno, mara moja, mwishoni, siku mbili nzima. Chakula kiliwe mkekani juu ya sinia, na tatizo la meza limekwisha.

Usijaribu kuunda upya Kiswahili cha 1331. Barua za Kiswahili kutoka Kilwa zilizohifadhiwa Goa ni za 1711 na kuendelea, karibu karne nne baadaye. Wengine hukopa *nti*, *ndia* na *moya* ili maneno yanukie ukale. Hizo ni sauti za Lamu, haziwi za Kilwa kwa kuwa za zamani tu. Andika Kiswahili safi cha leo, sentensi fupi, ondoa maneno yaliyokuja baadaye, na salamu iwe "asalamu aleikumu", ambayo haina shaka. Heshima ibebwe na *bwana*, *mwana*, *mama*, *mwanangu*, na nani anamwita nani vipi.

Mambo mazito

Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri wa Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Kisha mwana wa sultani alizichukua nguo hizo na kumpa fakiri badala yake watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kwa mwandishi wa zamani hiyo ni sifa ya ukarimu. Mtoto wa leo atauliza: hao ishirini walikuwa akina nani?

Usilikwepe swali, na usimfanye Zaituni atoe hotuba. Mpe mmoja wa hao ishirini jina, umri wa miaka 12, na lugha ya bara asiyoijua Zaituni. Tukio moja la utulivu, usiku, wakigawana ndizi, litafanya kazi. Usioneshe viboko wala damu kwa msomaji wa miaka tisa. Onesha kwamba anahesabiwa pamoja na pembe. Na usimkomboe kwa muujiza, maana ungekuwa unamdanganya msomaji aliyekuamini.

Hesabu ya sura

Sura 14 za maneno 1,800 zinakupa maneno 25,200. Kwa wasomaji wa miaka 9 hadi 13 hiyo inatosha. Kiswahili hubeba mengi katika neno moja. Wasafirishe watoto kabla ya mwisho wa sura ya pili. Mambo mapya ya kihistoria yasizidi matatu kwa sura, na angalau moja liamue kitakachotokea: vyumba vya mawe, kwa mfano, ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo Seif anaweza kuweka mgongo ukuta mmoja na miguu mwingine, akapanda hadi darini. Ibn Battuta mwenyewe apite mara mbili au tatu tu. Akiwa mwongoza watalii, kitabu kimekuwa chake, na Zaituni amebaki anatikisa kichwa.

Rasimu ikiisha, isome kwa sauti mbele ya watoto sita au wanane, na mtu mwingine aweke alama pembeni kila wanapoanza kuchezea vidole. Usiwaulize kama wameipenda. Watasema ndiyo kwa adabu. Rudi baada ya wiki, waombe wakusimulie. Wakikumbuka moshi uliosimama wima lakini hawajui kwa nini ulimtisha Seif, sura hiyo inarudi mezani. Wakisema "upepo ulikuwa unageuka na chombo kingeondoka", iache ilivyo.

Mwishoni mwa kitabu weka maneno 600 hivi ya mwandishi, ukizifungua safu zako tatu: hili lilitokea, hili huenda, huyu nimembuni. Ongeza ramani ya kisiwa ya 1331, uichore mwenyewe, bila Gereza na bila Makutani. Chora na mshale wa kaskazi upande mmoja na wa kusi upande wa pili, na uandike miezi yake kando.